Soketi Hutoa Ushahidi

Mtu anayechomeka pasi ukutani hapimi kwanza. Haulizi nyuma ya soketi ile kuna volti ngapi, waya umepita wapi, wala nani aliufunga. Anatazama umbo la matundu, anaona linaafikiana na plagi aliyoishika, basi anasukuma. Umbo hilo peke yake limeshamwambia kwamba chombo chake kinafaa hapa, naye ameamini. Ndiyo maana naona kwamba kugeuza soketi ya nyumbani kutoka volti moja kwenda nyingine, kazi tunayoihesabu kuwa ya fundi na bisibisi yake tu, ina swali la dini na maadili ndani yake. Soketi hutoa ushahidi mbele ya watu ambao aliyeifunga pengine hatawaona kamwe: mgeni wa siku moja, mpangaji wa miaka ijayo, mtoto ambaye bado hajazaliwa. Usalama wa kuigeuza unategemea sana kama, kazi ikishamalizika, ushahidi ule bado ni wa kweli.

Tuangalie Marekani, ambako kazi hii ni ya kawaida. Transfoma ya mtaani huko huiletea nyumba volti 240 zilizogawanywa katikati. Kuna nyaya mbili za laini. Kila mmoja ukipimwa na nyutro unatoa volti 120, na laini kwa laini zinatoa 240. Soketi nyingi za ukutani hutumia nusu moja, ilhali jiko na mashine ya kukaushia nguo hutumia zote mbili. Mwenye nyumba akitaka soketi fulani itoe 240 kwa ajili ya kiyoyozi cha dirishani, na waya wake haulishi kitu kingine, mara nyingi fundi hahitaji kupitisha waya mpya. Anazima umeme na kuhakikisha kwa kipimo kwamba kweli umekatika. Anatoa sakiti breka ya laini moja, anaweka ya laini mbili, na ule waya mweupe uliokuwa kwenye nyutro anauhamishia kwenye breka. Kisha anauzungushia utepe mweusi au mwekundu ncha zote mbili, ili atakayefungua siku nyingine ajue kwamba mweupe huu sasa una umeme. Mwisho anabadilisha soketi yenyewe. Ile ya 120 ina matundu bapa mawili yaliyosimama, ile ya 240 ina matundu yaliyolala, na plagi ya kawaida ya 120 haiwezi kuingia humo. Kama waya ulikuwa unalisha soketi nyingine njiani, nazo zibadilishwe au zitengwe.

Ukizitazama hatua hizo utaona kwamba volti zilishapatikana kwenye breka. Utepe na soketi mpya haviongezi hata volti moja. Kiyoyozi kingepuliza vilevile kama fundi angekikata plagi, akakifungia ya umbo la 120 na kuiacha soketi ilivyo. Hapo ndipo kishawishi kilipo, kwa sababu sehemu ya kazi ambayo mteja haioni ikifanya chochote ndiyo sehemu inayomlinda asiyekuwepo. Hesabu yake si ngumu. Pasi ya wati 1,200 iliyotengenezwa kwa volti 120 huvuta ampea 10. Ichomeke kwenye soketi yenye sura ya 120 lakini yenye 240 nyuma yake: volti zimekuwa mara mbili, ampea zinakuwa mara mbili, na joto linakuwa mara nne, yaani karibu wati 4,800. Breka ya ampea 20 inaweza isishtuke, maana kwa upande wake kiwango hakijapitwa. Waya uko sawa, breka iko sawa, pasi haina kasoro, na aliyeichomeka amefanya kama kawaida. Kilichodanganya ni sura ya soketi.

Wataalamu waliolifikiria jambo hili wamefika mahali hapohapo bila kupitia dini. Uingereza, zana za umeme kwenye maeneo ya ujenzi hutumia volti 110 na plagi za manjano, za 230 ni za buluu, na pini ya ardhi imewekwa pembe tofauti ili hata asiyejua rangi ashindwe kuzichanganya. Brazil walikwenda njia nyingine. Nchi hiyo ina mikoa ya volti 127 na mikoa ya 220, na walipoleta soketi ya aina moja nchi nzima waliitumia kwa volti zote mbili, ingawa kiwango cha kimataifa walichokifuata kilikusudia umbo hilo kwa volti 200 hadi 250 peke yake. Huko ukuta haumwambii mtu kitu. Imebaki lebo, au kumuuliza mwenyeji. (Waingereza nao wana kioja chao: mwaka 1995 volti zao rasmi zilishuka kutoka 240 hadi 230 kwenye karatasi, na umeme wenyewe ukabaki karibu kama ulivyokuwa. Lakini kioja hicho hakiunguzi kitu, kwa kuwa vyombo vilevile vilifaa kabla na baada.)

Mtu anaweza kuniuliza kama kitu kisichotamka neno kinaweza kusema uongo, na kama fundi aliyenyamaza anaweza kuitwa mdanganyifu. Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya Mtume alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono na kukuta unyevu chini ya nafaka kavu. Muuzaji hakuwa amedai kwamba yote ni kavu. Alisema mvua ndiyo iliyoilowesha. Bado aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu ule juu ili watu wauone, na kitendo chake kikahesabiwa kuwa ghushi. Naona hukumu hiyo inaigusa soketi moja kwa moja. Sura ya juu ikishatengenezwa kwa namna ambayo kila mtu ataisoma kwa maana moja, basi kuacha maana nyingine chini yake ni udanganyifu, uwe umesema au hukusema.

Kuna atakayejibu kwamba nyumba ni yake, waya ni wake, na afanye apendavyo. Hoja hii ina mzizi hata katika fiqhi: mtu akichimba kisima kwenye milki yake, na aliyeingia bila ruhusa akatumbukia, mchimbaji hadaiwi. Lakini Imam Nawawi, aliyeishi karne ya 13 na ambaye Minhaj yake imesomeshwa kwa vizazi katika darasa za pwani yetu, anaongeza sura ya pili. Mtu akichimba kisima kwenye ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake, kisha akamkaribisha mtu na mtu huyo akatumbukia, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba mwenye nyumba anadhamini. Karibu yako ndiyo iliyomleta mgeni kwenye kisima asichokijua. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamtaka anayejenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari, kusudi damu ya atakayeanguka isiiangukie nyumba ile. Dari lile nalo ni mali yake. Umiliki haujawahi kuwa jibu kwa mtu uliyemfungulia mlango, na soketi iko mahali pa kukaribishia zaidi kuliko dari: sebuleni, kando ya kochi, kwa kimo cha mtoto.

Pingamizi la pili husikika zaidi msibani. Ajali haina kinga, tunaambiana, na aliyefika siku yake amefika. Silibezi neno hilo. Linawashika mkono waliofiwa. Ila halimhusu fundi kabla ya msiba. Kila aliyepita madrasa anaijua habari ya aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu, na jibu alilopewa: mfunge kwanza, kisha mtegemee Mungu. Kinachosahaulika ni kwamba ngamia yule alikuwa wake mwenyewe. Angepotea, hasara ingekuwa yake. Anayeacha soketi yenye sura ya uongo anaweka rehani maisha ya mtu mwingine kisha anaiita hatua hiyo kumtegemea Mungu, na aliyewekwa rehani hakuulizwa.

Wengine husema lebo inatosha: andika 240 kwa kalamu nyekundu, na asiyesoma alaumiwe. Tunajua lebo ya namna hiyo inaishia wapi, maana tumeona mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda, na mtoto akanywa. Lebo hufutika, hupakwa rangi, haisomeki gizani, na inamtaka mwenye haraka asimame. Umbo halichoki. Lebo ni nzuri ikiongezwa juu ya umbo sahihi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la umaskini, na hili linatuhusu huku nyumbani. Tanzania umeme ni volti 230 na Kenya ni 240. Ndugu aliyeko Marekani, au aliyerudi kutoka Saudia ambako majumbani kulizoeleka 127 na 220 hadi serikali ilipoamua mwaka 2010 kuhamia 230, analeta blenda au mashine ya kushonea ya volti 110. Kuitupa ni kufuru ya neema. Basi inanunuliwa transfoma, plagi ya kigeni inakatwa, na chombo kinafungwa plagi yetu ya pini tatu. Hapa uongo umehama kutoka ukutani ukaingia kwenye plagi, na sasa unatembea: blenda ile itaazimwa jirani, itachomekwa kwenye soketi ya kawaida, itaungua mkononi mwa mtu. Kinachonishangaza ni kwamba uongo huu una gharama kubwa kuliko ukweli. Transfoma nyingi huja na soketi inayopokea plagi ya Kimarekani ilivyo. Ukiacha plagi bila kuikata umeokoa pesa ya plagi, na chombo hakiwezi kuingia ukutani kwa bahati mbaya. Umaskini unaweza kumlazimisha mtu atumie chombo cha zamani. Kukata plagi haumlazimishi. Tena ajue kwamba transfoma haibadilishi hezi, kwa hiyo mota ya hezi 60 kwenye umeme wetu wa 50 inaweza kupata joto zaidi, na kwamba transfoma ya bei nafuu ambayo waya wake wa kuingizia na wa kutolea ni mmoja inaweza, waya huo ukikatika ndani, kupitisha volti zote 240 hadi kwenye chombo.

Chaja za simu na kompyuta mpakato siku hizi hukubali volti 100 hadi 240, na zimewafanya wengi wadhani suala hili limepitwa na wakati. Pasi, birika na draya ya nywele bado hazijasikia habari hiyo.

Kazi ya kugeuza soketi ifanywe na fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, iwe EWURA huku Tanzania au EPRA kule Kenya, na akimaliza usiridhike kwamba kiyoyozi kinapuliza. Zima umeme, mwite mtu wa nyumbani asiyejua kilichofanyika, mpe plagi ya volti ya zamani na umwambie ajaribu kuiingiza. Ikiingia, usimlipe fundi mpaka abadilishe soketi.