Amana ya Mfasiri

Hapa Singida, ambako Kinyaturu na Kiniramba huvushwa kila siku kuingia Kiswahili, nimetafakari kama tarjuma ni kuhamisha herufi au maana. Na jawabu, ajabu, lilinijia kwa h2pas, chombo cha Free Pascal kiendeshwacho kwa amri za maandishi, ambacho hufasiri faili za vichwa za C, lugha ya programu ya Dennis Ritchie, ziwe Pascal, lugha ya Niklaus Wirth. Kikikuta makro (kifupisho cha msimbo) yenye vigezo, ambavyo katika C havitajiwi aina, huigeuza kuwa funksheni, kisha hukiri pembeni kwamba aina za vigezo hazijulikani na huenda aina ya jibu si sahihi. Wafasiri wangapi, nami nikiwamo, tumewahi kuandika ungamo hilo? Lakini kukiri si kujua: nia ya mtunzi haimo katika herufi, na mtu hana budi kurejea kwenye C yenyewe kuitafuta.