Jembe Mkono Huu, Ufunguo Mkono Huu

Somo: Nehemia 4:7-23, Kutoka 22:2-3

 

Mvua imenyesha na kila mtu ameshika jembe. Nikiwatembelea washirika siku hizi nawapata nyuma ya nyumba: huyu anapalilia sukuma wiki, yule anafyeka, mwingine anamkatia ng'ombe nepia. Hiyo ni baraka. Lakini mwezi huu dada wawili wa kanisa letu wameibiwa mchana, wao wenyewe wakiwa hapo hapo bomani. Walikuwa nyuma wakilima, mlango wa mbele uko wazi. Mmoja alipoteza simu na pesa za chama. Mwingine alirudi jikoni akakuta mtungi wa gesi umeenda.

Mmoja wao aliniuliza, "Mchungaji, asubuhi hiyo niliomba. Mbona Mungu hakulinda?" Hilo ni swali la uchungu, na mtu asimjibu kwamba imani yake ni ndogo. Aliyeibiwa hakutenda dhambi. Mwizi ndiye aliyetenda dhambi. Tuelewane hapo kwanza.

Sasa fungua Nehemia sura ya 4. Watu wa Mungu wako kazini, wanajenga ukuta wa Yerusalemu. Ukisoma mstari wa 11 utaona mpango wa adui: wafanyakazi wasijue lolote mpaka yeye amefika katikati yao. Adui hakutaka kupiga vita vya waziwazi. Alitegemea kwamba mtu aliyeinamia kazi haangalii nyuma. Mpendwa, mwizi wa mchana anafanya vivyo hivyo. Anasikia jembe likilia nyuma ya nyumba, anajua wewe uko wapi na unaangalia wapi.

Nehemia alifanya nini? Mstari wa 9 una mambo mawili, na yote mawili yako kwenye mstari mmoja. Walimwomba Mungu, halafu wakaweka walinzi, mchana na usiku. Hakusema, "Tumeomba, basi tulale." Wala hakusema, "Tuna mikuki, maombi ya nini?" Kuna ndugu wananiambia Zaburi 127 inasema mlinzi anakesha bure Bwana asipolinda. Ni kweli. Lakini zaburi hiyo haikumfuta mlinzi kazi! Inamwambia asijitegemee mwenyewe. Hata Adamu alipowekwa bustanini, Mwanzo 2:15, alipewa kulima na kutunza. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "kutunza" hapo ndilo pia linalotumika kwa kulinda. Kulima na kulinda vilitolewa pamoja, tangu mwanzo.

Basi tuchukue mafundisho matatu.

1. Fanya kazi huku umejihami.

Wale wajenzi walifanya kazi kwa mkono mmoja, na mwingine ulishika silaha. Mimi sikwambii ushike panga. Silaha yako ni ufunguo. Kabla hujaenda nyuma ya nyumba, funga mlango wa mbele na uweke ufunguo mfukoni, si chini ya zulia la mlangoni ambako kila mtu anajua. Funga na geti. Simu utembee nayo, usiiache ikichaji karibu na dirisha. Pesa za chama zipeleke siku hiyo hiyo, zisilale kwenye kabati la vyombo. Ukimaliza kazi, ingiza jembe, panga na ngazi ndani. Usimwachie mwizi vifaa vya kuvunjia nyumba yako.

Halafu soma 2 Samweli 4. Ishboshethi aliuawa nyumbani kwake, juani kali, akiwa amepumzika mchana. Rekabu na Baana waliingia kama watu waliokuja kuchukua ngano. Walikuwa makamanda wake mwenyewe! Siku hizi mtu atapiga hodi aseme anasoma mita, anaomba maji, anatafuta kibarua. Wengine ni wakweli, tusiwafukuze wote. Lakini ongea naye ukiwa getini, si sebuleni.

2. Usilinde peke yako.

Ukuta ulikuwa mrefu na watu wametawanyika, kwa hiyo Nehemia aliweka mpiga baragumu karibu naye. Ukisikia sauti, kimbilia huko. Je, jirani yako anajua sauti yako? Kuna washirika wameishi ploti moja miaka mitano na hawajui jina la jirani. Mwambie jirani, "Mama, leo niko shambani huko nyuma, niangalizie mlango." Na wewe umwangalizie wake kesho. Ndiyo maana ya Nyumba Kumi, na ndiyo maana ya ushirika wetu wa nyumbani. Ukiibiwa, piga 999 au 112, uende kituoni uandikishe upate nambari ya OB. Kama simu imeenda, azima ya jirani upesi, kampuni ya laini yako ifunge laini pamoja na pesa zilizomo.

3. Jua limechomoza.

Hapa nisikilize vizuri sana. Kutoka 22 inasema mwizi akiuawa usiku akivunja nyumba, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini kama jua limechomoza, kumuua ni kumwaga damu. Kwa nini? Mchana unamwona. Unaweza kuita watu, unaweza kumshika. Wapendwa, kelele za "Mwizi!" katika nchi hii zimeleta mawe na tairi. Mkristo asishike jiwe, wala asisimame kutazama. Sheria ya Kenya nayo inaita jambo hilo mauaji. Baragumu ya Nehemia iliita watu waje kulinda, nayo kelele yako iwe hivyo. Ukifika pale na umati uko tayari kuua, wewe ndiwe mtu wa Mungu uliyetumwa: ita polisi, omba watu watulie. Mtungi wa gesi utanunuliwa mwingine. Kijana wa mtu hanunuliki. Waefeso 4:28 inatazamia kwamba mwizi ataacha kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, awe na cha kumgawia mwingine. Maiti haiwezi kutubu.

Na usimshtaki msichana wa kazi bila ushahidi. Usiibiwe gesi kisha ukaiba jina la mtu.

Ule ukuta ulimalizika kwa siku 52. Adui hakusimamisha kazi, kwa sababu watu waliomba, wakalinda, wakaitana. Kwa hiyo usiogope kulima. Lima! Wiki hii kila asubuhi omba mlangoni pako, ufunge, kisha ushike jembe.

Tuombe: Baba, bariki kazi ya mikono yetu. Linda milango yetu, tufanye kuwa macho, utupe majirani wema. Warudishie dada zetu walichopoteza, na umwokoe aliyekichukua. Katika jina la Yesu. Amina.