Hakuna Aliyejitajirisha Peke Yake: Mafunzo Kutoka kwa Kinyozi Aliyemiliki Viwanda

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, mwenye kumkunjulia riziki amtakaye na kumpimia amtakaye. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula huu nimekuwa nikiulizwa swali moja kwa sura mbalimbali. Mmoja aliniuliza baada ya swala ya Alasiri kama kutamani utajiri ni dhambi. Dada mmoja wa kitivo cha uchumi aliuliza kwa nini katika darasa wanasifiwa matajiri walioanzia chini, na msikitini wanasomewa habari za Qarun. Kisha wakaja vijana watano wa mwaka wa mwisho wenye shauri la biashara, nao nitawarudia. Nimeona niyajibu yote pamoja.

Uislamu haukumkataza mtu kuwa tajiri. Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme, na bado alikula jasho la mikono yake. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina mikono mitupu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka, akaomba aonyeshwe njia ya sokoni tu. Akaanza kwa jibini na samli, akaishia kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Madina na miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Imamu Abu Hanifa, tunayemtaja kila siku katika masomo ya fiqhi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya hariri mjini Kufa. Kwa hiyo tatizo haliko katika kuwa na mali. Swali ni imepatikanaje, na mwenye nayo anasema nini juu yake.

Mtoto wa mshonaji wa Preston

Nitawapa mfano wa mtu ambaye wenzetu wa uchumi na historia wanamfahamu. Anaitwa Richard Arkwright, Mwingereza. Si Muislamu, na simleti hapa kuwa kiigizo chetu katika dini. Namleta kwa sababu maisha yake yanaonyesha wazi jambo ambalo wengi wetu tunalipita bila kulitazama.

Arkwright alizaliwa mwaka 1732 katika mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, na wazazi wake walipata watoto 13, ambao 7 ndio waliokua. Yeye alikuwa wa mwisho. Fedha za kumpeleka shule hazikuwepo, akafundishwa kusoma na kuandika na binamu yake, msichana aliyeitwa Ellen. Akapelekwa kujifunza kazi ya kinyozi, baadaye akafungua kinyozi chake katika mji wa Bolton. Siku zile mabwana walivaa nywele za bandia. Arkwright akawa anazunguka vijijini kununua nywele, akazitia rangi aliyoitengeneza mwenyewe, na kuwauzia watengenezaji.

Alioa mwaka 1755, mke wake wa kwanza, Patience, akamzalia mtoto wa kiume aliyeitwa Richard kama baba yake. Mwaka uliofuata mke akafariki. Mwaka 1761 akaoa tena, mke wa pili akiitwa Margaret, na katika watoto wao ni binti mmoja tu, Susannah, aliyefikia utu uzima.

Katika safari zake alisikia kilio cha wafumaji: nyuzi hazitoshi. Mfumaji mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa kumlisha, na nyuzi za pamba walizosokota kwa mkono hazikuwa imara kiasi cha kutumika katika mtande. Arkwright akakutana na fundi wa saa aitwaye John Kay, wakatengeneza mashine ya kusokota kwa roli zinazozunguka kwa kasi tofauti. Mwaka 1769 akapata hataza yake. Matajiri wawili wa biashara ya soksi, Jedediah Strutt na Samuel Need, wakatia mtaji. Mwaka 1771 wakaanza kujenga kiwanda Cromford, katika bonde la Derbyshire, kikiendeshwa kwa nguvu ya maji.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Viwanda viliongezeka, mwaka 1786 Mfalme George wa Tatu akampa cheo cha Sir, na mwaka uliofuata akawa Sheriff wa Derbyshire. Alipofariki mwezi wa Agosti 1792, mali yake ilikadiriwa kufika pauni nusu milioni, utajiri wa kutisha kwa zama zile. Inasimuliwa kwamba hata alipopita miaka 50 alijinyima usingizi ili apate saa moja ya kujifunza sarufi na saa nyingine ya kujifunza kuandika vizuri. Ewe mwanafunzi unayeacha kipindi cha asubuhi kwa sababu ya mvua, hapo pana somo.

Aliyejijenga mwenyewe?

Vitabu vingi humwita mtu aliyejijenga mwenyewe. Nami nasema: tuhesabu.

Nani alimfundisha kusoma? Binamu yake. Nani alitengeneza mashine? Fundi Kay kwa mikono yake. Na kabla ya Arkwright, Kay alikuwa amefanya kazi na mtu mwingine, Thomas Highs, juu ya mashine ya namna hiyohiyo. Kesi ya hataza ilipofika mahakamani mwaka 1785, Highs alisimama akasema wazo la roli lilikuwa lake, na mahakama ikaifuta hataza. Nani alitoa fedha? Strutt na Need. Nani aliushusha mto katika bonde la Cromford? Hilo halihitaji jibu.

Na nani alifanya kazi? Kiwanda kile hakikulala. Kundi moja liliingia mchana, jingine usiku, kila zamu ikichukua takriban saa 12. Arkwright alitafuta familia zenye watoto wengi, kwa sababu vidole vidogo vilifaa kuunga nyuzi zilizokatika. Watoto wa miaka 7 walipokelewa. Tuseme haki: aliwajengea wafanyakazi nyumba za mawe ambazo mpaka leo zinasimama, na wengi wa waliofuata nyayo zake walikuwa wakatili kuliko yeye. Lakini mtoto wa miaka 7 ni mtoto. Ilichukua mpaka mwaka 1833 ndipo sheria ya Uingereza ikakataza walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo.

Na pamba yenyewe? Cromford haioti pamba. Nyingine ilitoka nchi za Waturuki, na nyingine nyingi ilitoka visiwa vya Karibiani, ambako waliochuma walikuwa watumwa waliotolewa Afrika. Kwa hiyo katika ule uzi wa Arkwright umo pia mkono wa babu zetu, na jina lao halikuandikwa popote.

Sasa turejee kwa Qarun katika Suratul Qasas. Kosa lake la kwanza halikuwa hazina zake ambazo funguo zake zililemea kundi la wanaume wenye nguvu. Alipoambiwa afanye wema kama Allah alivyomfanyia wema, alidai kwamba vyote amevipata kwa sababu ya elimu aliyonayo. Tazameni, ni elimu aliyotaja. Sisi wenye kuhitimu tuko karibu na kauli hiyo kuliko watu wa sokoni. Anayesema "ni elimu yangu" amemfuta Mola wake, na akishamfuta Mola wake hachelewi kumfuta mfanyakazi wake.

Nyumba ya tajiri

Mali hujaribiwa nyumbani pia. Arkwright alifanya kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, akisafiri kwa gari la farasi wanne kwa mbio kutoka kiwanda hadi kiwanda. Yeye na Margaret wakaishia kuishi mbalimbali. Alianza kujenga jumba kubwa juu ya kilima, likitazama viwanda vyake. Likaungua kabla hajahamia, likajengwa upya, naye akafa kabla halijawa makazi yake. Aliyelikalia ni mwanawe Richard, ambaye hakuwa na papara ya baba. Aliuza baadhi ya viwanda, akaingia katika mikopo na ardhi, na alipofariki mwaka 1843 alikuwa miongoni mwa watu matajiri kabisa katika Uingereza.

Mtume (S.A.W.) alipomzuru Saad bin Abi Waqqas (R.A.) mgonjwa, Saad alitaka kutoa sadaka karibu mali yake yote. Mtume akamzuia mpaka theluthi, akamwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Kumwachia mwanao mali si aibu. Lakini Uislamu umepanga: mke ana fungu, binti ana fungu, mama ana fungu, na hakuna tajiri anayeruhusiwa kukaa na mwanasheria akayabadilisha. Na kabla ya mirathi kugawanywa, madeni hulipwa kwanza. Ujira ambao hukuulipa ni deni. Utazikwa nao.

Vijana watano na cherehani tatu

Nimesema nitawarudia wale vijana. Wamechanga fedha, wamenunua cherehani tatu, na wanataka kushona sare za shule hapa Bujumbura. Nimewapongeza. Mji huu uliwahi kuwa na kiwanda kikubwa cha nguo, COTEBU, wazee wetu wanakikumbuka, na mafundi wa Buyenzi hawana wa kuwafundisha kushona. Lakini mpango wao ulikuwa na vipengele viwili. Kwanza, mafundi walipwe pale shule zitakapolipa, hata kama ni miezi mitatu. Pili, wachukue wasichana wadogo walioacha shule, wafanye kazi ya kutia vifungo na kukata nyuzi bila malipo, kwa jina la kujifunza.

Niliwajibu hivi, na nawajibu wote wanaofikiria kama wao.

Katika fiqhi, mshirika na mwajiriwa ni watu wawili. Mshirika hungoja faida kwa sababu ana fungu katika faida. Mwajiriwa hana fungu katika faida yako, basi kwa haki gani umbebeshe hatari yako? Shule ikichelewa, hilo ni la mwenye biashara. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika Hadithi Qudsi Allah amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, mmojawapo ni aliyeajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira. Ndugu yangu, kesi ambayo hakimu ndiye mgomvi wako utaishinda vipi? Ukitaka fundi angoje, mfanye mshirika, mwandikie fungu lake. Ukitaka abaki mwajiriwa, mlipe kwa wakati. Na kama mtaji hautoshi cherehani tatu, anza na moja.

Ama wale wasichana, anayejifunza ana muda maalumu, mwalimu maalumu na ufundi kamili anaotoka nao. Anayetia vifungo mwaka mzima hajifunzi, anatumika. Na mtoto wa umri wa shule mahali pake ni shuleni, katika sare mnayoishona.

Nalisema hili kwa uchungu ninaoujua. Mama yangu alimshonea tajiri mmoja, Muislamu mwenzetu mwenye kuswali safu ya kwanza, nguo za Idi kwa makubaliano ya mdomo. Idi ikapita, na ya pili ikapita. Tulikuwa tukimsikia akisifiwa msikitini kwa sadaka zake za futari, na nyumbani mama anapima unga kwa kikombe. Hakumlaani. Alikuwa akisema tu: "Anafuturisha kwa jasho langu, thawabu tutagawana."

Imamu Abu Hanifa alimpa mshirika wake nguo yenye kasoro, akamwambia ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, nguo ikauzwa, mnunuzi hakujulikana. Imamu alitoa sadaka fedha yote ya mauzo yale. Huyo ndiye mfanyabiashara wa vitambaa wa kumuiga.

Basi tafuteni mali, ndugu zangu na dada zangu. Umma huu unahitaji viwanda, na hautavijenga kwa mawaidha peke yake. Lakini kila mmoja anayeanza kazi aandike daftari mbili: moja ya fedha, nyingine ya majina ya wote wenye haki katika fedha hiyo, aliyemfundisha, aliyemkopesha, aliyemfanyia kazi, na masikini katika zaka. Wale vijana watano wameondoka na rasimu yao kwenda kuiandika upya. Tuwaombee wafanikiwe, na tuwe wateja wao wa kwanza.

Ewe Mola wetu, turuzuku riziki ya halali iliyo kunjufu, utuepushe na kauli ya Qarun, na usitukutanishe nawe tukiwa na jasho la mtu shingoni mwetu. Aamiin.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.