Kompyuta Isiyoongezeka: Nani Alikosa?



Mwaka juzi Baraza la mtaa wetu lilinikabidhi kazi ya kununua kompyuta ya ofisi. Nilidhani nimepewa heshima, kumbe nimepewa mtihani. Na mimi niliyewatahini wengine miaka mingi katika chuo cha ualimu, mtihani huo sikuupasi. Naandika habari hii kwa sababu fedha zilikuwa zenu, na tena kwa sababu ndani yake mna swali ambalo limenikosesha raha tangu siku ile. Mtu akikuuzia kitu bila ya kusema uwongo hata neno moja, nawe ukapata hasara, je, amekukosea?

Mtakumbuka kwamba fedha zilipatikana kwa taabu. Ilikuwako sadaka maalumu, na akina mama waliuza vitumbua na maandazi baada ya Misa kwa muda wa miezi kadhaa. Zikafika laki tisa na ushee. Nikazichukua, nikaenda Darajani, nikapita na Mlandege, nikiingia duka hili na kutoka lile. Nikakuta mashine za namna mbili kwa bei iliyokaribiana. Namna ya kwanza ni yale masanduku yaliyokwisha tumika katika maofisi ya Ulaya na Dubai, yana vumbi na michubuko, na kioo chake kimesimama mbali. Namna ya pili ni mpya, kipande kimoja tu: mashine yote imefichwa nyuma ya kioo, nyeupe, nyembamba, haina nyaya za kukwaza miguu. Sihitaji kuwaambia nilichagua ipi. Nilijiona nikiifunua mbele ya Padre na watu wakipiga makofi. Na kweli walipiga.

Baada ya miezi minane ilianza kuwa nzito. Katibu akifungua daftari la ubatizo na hapo hapo akataka kuandika ripoti za skuli ya watoto wadogo, basi anaweza kwenda kuchemsha chai, akanywa, akarudi, na kioo bado kinafikiri. Wengine walisema ni virusi. Wengine walisema ni uzee wa Katibu. Ilikuwa ni kumbukumbu.

Hapa niruhusuni nirudi darasani kidogo, maana nimegundua watu wengi huchanganya mambo mawili. Kompyuta ina kabati na ina meza. Kabati ni mahali pa kuwekea kila kitu, na vitu hubaki humo hata umeme ukikatika. Meza ni kumbukumbu ile ambayo mafundi huiita ramu. Juu yake huwekwa kazi inayofanywa sasa hivi, na umeme ukizimwa meza hufutika yote. Mwalimu mwenye meza ndogo na madaftari arubaini ya kusahihisha hutoa machache, huyarudisha kabatini, hutoa mengine, na nusu ya saa yake huishia katika kwenda na kurudi. Ndivyo ilivyokuwa mashine yetu. Ilikuwa na ramu ya gigabaiti 4. Windows 11, iliyokuja nayo, imewekewa na watengenezaji wake kiwango cha chini kabisa cha gigabaiti 4 hizo hizo. Yaani tulinunua meza ambayo mwenye nyumba amekwisha tandaza vyombo vyake, na sisi tukaachiwa pembe. Hata picha za kwenye kioo, katika mashine za bei nafuu, hukopa nafasi juu ya meza hiyo hiyo.

Dawa yake ni rahisi, nikaambiwa: ongeza ramu. Katika yale masanduku niliyoyadharau, kwa kawaida ni kulegeza skrubu mbili, kuchomeka kijibao, na kufunga. Nikampelekea mashine yetu kijana mmoja fundi, mpole na mwenye subira. Akaifungua mgongo polepole kama mtu anayemenya yai. Kisha akaniita.

"Mwalimu, njoo uone."

Nikainama. Akanionesha kwa ncha ya bisibisi mahali ambapo pangalikuwa na tundu la kuchomekea. Hapakuwa na tundu. Palikuwa na vipande vyeusi vidogo vimeganda juu ya bodi.

"Hivi vimetiwa lehemu, Mwalimu. Ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa."

Alijitolea kututilia programu-endeshi nyepesi, Linux, nayo ilisaidia katika kuandika barua, lakini programu yetu ya hesabu ilikataa kufanya kazi humo, ikatubidi turudi tulikotoka.

Nikarudi dukani na hasira yangu. Yule muuzaji hakunijibu vibaya. Alinipa kiti, akaleta boksi la mashine kama ile, akanionesha palipoandikwa gigabaiti 4. Hapakuandikwa popote kwamba haziongezeki. "Mzee wangu," akasema, "hukuniuliza." Nami namwamini aliponiapia kwamba hata yeye alikuwa hajui, maana huyapokea yakiwa yamefungwa na huyauza yakiwa yamefungwa.

Basi, nani alikosa?

Swali hili si jipya. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alijiuliza kama muuzaji amelazimika kutaja ila ya kitu anachokiuza. Akatenganisha. Ila iliyo wazi, kama farasi chongo, muuzaji si lazima aitangaze, maadamu amepunguza bei kwa kadiri yake, kwa kuwa mnunuzi naye ana macho. Ila iliyofichika, nayo yamtia mnunuzi hasara au hatarini, lazima aiseme. Majirani zetu Waislamu nao wanayo hukumu iliyo karibu sana na hiyo katika fikihi yao: kuficha ila ni haramu, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha kitu. Kwa hiyo katika mji wetu huu, ukitokea Mkunazini au ukitokea msikitini, jibu ni lile lile.

Lakini ugumu ni huu: je, kutoongezeka ni ila? Mashine haikuharibika. Inafanya leo yale yale iliyofanya siku ya kwanza. Na vitu vingi vizuri haviongezeki. Tazameni nyumba za Mji Mkongwe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na boriti ya mkoko haikupi upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Tajiri na maskini wote walipimiwa na mti mmoja. Lakini hakuna aliyedanganywa na boriti. Kila aliyejenga aliijua, aliiona kwa macho ikishushwa kutoka majahazini, akapanga chumba chake kwa kipimo hicho. Na alipozaa watoto wengi aliongeza ghorofa juu, ama akavuka kichochoro kwa chumba cha hewani. Mpaka ule uliwekwa na maumbile, nao ulijulikana na wote. Mpaka wa lehemu uliwekwa na mtu mezani kwake, naye aliufunika kwa plastiki nyeupe.

Sitaki kumdhulumu huyo mtu. Anazo sababu zake, na nyingine ni za kweli. Tundu la kuchomekea lina gharama, na likiondolewa mashine huwa rahisi zaidi na nyembamba zaidi. Iko pia aina ya ramu ambayo ikigandishwa karibu na moyo wa mashine hufanya kazi upesi na kula umeme kidogo. Mnunuzi akiambiwa hayo, akakubali, hana la kulalamika. Ila kuna jambo moja linalonifanya nisiridhike. Mwaka 2014 kampuni ya Apple ilitoa iMac ya bei ya chini kuliko zote zake wakati ule, ya dola 1,099, na ramu yake ya gigabaiti 8 ilikuwa imetiwa lehemu. Iliyokuwa kubwa, ya inchi 27, iliyouzwa kuanzia dola 1,799, ilikuwa na kijimlango nyuma ambacho mwenyewe angeweza kukifungua kwa mkono wake akaongeza ramu. Yaani aliyekuwa na fedha nyingi aliachiwa mlango wa kuongeza, na aliyekuwa nazo chache akafungiwa. Ingalitakiwa iwe kinyume.

Maana maskini hununuaje? Pandeni juu ya paa lolote la Ng'ambo mtazame. Mtaona nondo zimesimama juu, zinapata kutu, zinangoja ghorofa ambayo fedha zake hazijapatikana. Mgeni huona uchafu. Mimi naona matumaini ya mtu aliyenunua matofali hamsini mwezi huu na hamsini baada ya miezi mitatu. Hii ndiyo njia tuliyo nayo: anza na kidogo, acha nondo nje. Kitu kisichoongezeka kinakutaka uwe na vyote siku ya kwanza, na mtu wa kipato chetu hana vyote siku ya kwanza. Hapo ndipo ninapoona kosa, hata kama hakuna aliyesema uwongo, nalo ni kosa lililogawanywa vipande vidogo vidogo kati ya aliyesanifu, aliyechapa boksi, aliyeuza na aliyenunua, hata kila mmoja akibeba chake kinakuwa chepesi mno kumsumbua.

Wafaransa wamejaribu kuvikusanya vipande hivyo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 sheria yao ilitaka baadhi ya vyombo, kama simu, televisheni na kompyuta za kupakata, viuzwe pamoja na alama juu ya 10 kuonesha jinsi vinavyotengenezeka. Kompyuta kama yetu haikuwamo. Hata hivyo laiti lile boksi lingekuwa na mstari mmoja tu: ramu haiongezeki. Ningalinunua sanduku lenye vumbi, wala nisingepigiwa makofi.

Kipande changu mimi ni kwamba sikuuliza. Niliwafundisha walimu vijana kwamba kuuliza si aibu, kisha nikaingia dukani nikaona aibu kuuliza, nisije nikaonekana mzee asiyejua kompyuta.

Baraza likaamua tuiuze, tununue lile sanduku. Akaja kijana wa Bububu anayetaka kufungua kiduka cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Nilikuwa nimeifuta, inang'ara. Akaizunguka, akaigusa, akasema laki sita yuko tayari. Hakuuliza habari ya ramu. Mweka hazina alikuwa amesimama nyuma yake, akinitazama kwa jicho ambalo kila aliyewahi kukaa katika Baraza analijua.

Nikamwambia yule kijana. Nikamweleza habari ya meza na kabati, na lehemu. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ni hivi hivi mpaka mwisho?"

"Hivi hivi, mwanangu."

Akaenda zake. Alhamisi akarudi, akatoa laki nne, nikapokea.

Katika kikao kilichofuata mzee mmoja, naye ni mtu ninayemheshimu sana, alisema kwa upole kwamba unyofu wangu ulikuwa mzuri, lakini niliulipia kwa laki mbili za vitumbua vya akina mama, ambao hawakuulizwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya Mweka hazina. Kwa hayo sikujiandaa. Nilisema nitarudisha laki moja kutoka katika pensheni yangu. Mama mmoja akakataa kabisa, akasema mimi nina maringo. Mwingine akataka niirudishe yote. Jambo limewekwa katika kikao cha mwezi ujao, baada ya Misa ya pili, na kila mwenye neno lake anakaribishwa.