Mzaha wa Karata: Ni Nani Msemaji?

Udhuru wa mzaha ni wa kale. Mtu humtupia mwenziwe neno, na akiona uso wa mwenziwe umebadilika husema, "Nalifanya mzaha tu." Udhuru huu haukubaliwi kila mahali. Wanavyuoni wengi wa fiqhi wamehukumu kuwa mwenye kumwacha mkewe kwa mzaha talaka yake imepita, kwani neno alilitamka kwa ulimi wake na kwa hiari yake. Lakini siku hizi umezuka udhuru wa pili, ambao ni taabu zaidi kuukamata. Mtu husema, "Si mimi niliyesema, ni karata."

Maneno haya yametokana na mchezo uitwao Cards Against Humanity, yaani karata zilizo dhidi ya ubinadamu, uliotolewa Marekani mwaka 2011 na vijana wanane waliosoma skuli moja karibu na mji wa Chicago. Namna yake ni nyepesi. Kuna karata nyeusi, zenye swali au sentensi yenye pengo, na karata nyeupe, zenye neno au fungu la maneno la kujaza pengo hilo. Kila mchezaji hushika nyeupe kumi. Mmoja wao huwa hakimu, akasoma nyeusi kwa sauti. Wenziwe kila mmoja akampa nyeupe moja iliyofunikwa. Hakimu akazichanganya, akazisoma zote, akachagua ile iliyomchekesha zaidi. Mwenye karata hiyo hupata pointi moja, na uhakimu huenda kwa mwengine. Hapawekwi fedha, basi suala la kamari twaliacha kando. Linalotushughulisha ni yale maneno, kwani humo mna maradhi, mauti, vilema, rangi za watu, na mambo ya chumbani.

Tukiutazama udhuru huu kwa insafu, twaona una miguu mitatu. Neno limeandikwa na mtu mwengine. Limemfikia mchezaji kwa bahati. Na limesomwa kwa kinywa cha hakimu. Mwandishi hayupo, mgawaji hakujua, msomaji hakuchagua. Neno limekwisha kusemwa, wote wamelisikia, lakini halina mwenyewe.

Walakini zile karata kumi mkononi zaivunja hoja. Mchezaji hutazama kumi, akaacha tisa. Wala haitoi moja ovyo. Humfikiri hakimu ni mtu wa namna gani, na hucheka nini, na ni nani waliokaa pale, ndipo akatoa. Wanawake wetu wa pwani walijua jambo hili zamani. Jina la kanga limechapwa na kiwanda, na aliyeinunua hakulitunga. Lakini akijitanda kanga hiyo mbele ya jirani waliyegombana naye, hakuna mtu mtaani atakayeuliza msemaji ni nani. Hajapata kusikiwa kiwanda kikishitakiwa kwa mzee wa mtaa.

Na watungaji wenyewe wa mchezo, bila ya kukusudia, wametoa ushahidi juu ya hili. Wameweka kanuni ya hiari kuwa kila mzunguko itolewe nyeupe moja kutoka katika fungu bila ya kutazamwa, ihesabiwe kuwa ni ya mchezaji wa kudhaniwa ambaye hayupo. Na akishinda mchezo huyo asiyekuwapo, wachezaji wote waende makwao na aibu. Kwa nini waone aibu? Kwa sababu bahati tupu imewashinda watu wenye akili waliochagua. Basi mtu anayezipokea sifa za kuchagua vyema anaposhinda, vipi aseme hakuchagua pale mwenziwe anapoumia?

Kwani huumia. Katika boksi mna karata inayotaja wazazi waliokufa. Ikitolewa mbele ya watu ambao wazazi wao wa hai, itachekwa na kusahauliwa. Lakini itolewe mbele ya aliyemzika mamake mwezi uliopita, na mtoaji ajua: aliyefiwa atafanya nini? Akinyamaza, ataambiwa ameharibu baraza. Akiondoka, ataambiwa hajui mzaha. Kwa hivyo mara nyingi atacheka, na kicheko chake kitashikwa kuwa ndicho ushahidi kwamba hakuumia. Kwa rai yetu hapa ndipo penye dhulma, zaidi ya katika neno lenyewe. Lau angalitukanwa kwa ulimi wa mtu, angalijua wa kumjibu.

Huenda mtu akasema: wote wamekubali, na boksi lenyewe latangaza wazi kuwa mchezo huu ni wa watu wabaya. Jawabu yetu ni kuwa anayekubali kucheza mpira amekubali kupigwa kikumbo. Hakukubali kuvunjwa mguu kwa makusudi.

Wala hatusemi kuwa mchezo hauna faida. Mwenye haya, ambaye barazani hafungui kinywa, hupata humo kuwachekesha wenziwe, na hili si jambo dogo. Ila kicheko hicho hakikuhitaji ubaya. Mchezo ulioutangulia huu, Apples to Apples wa mwaka 1999, una hakimu na kuchagua vivyo hivyo, maneno yake ni ya kawaida, na watu hucheka.

Labda mtu atasema amegaiwa kumi zote mbaya, basi hana budi. Huyu naye ana jawabu katika kanuni za mchezo, kwani iko nyengine ya hiari: mchezaji aweza wakati wowote kutoa pointi moja aliyokwisha kuipata, akarudisha nyeupe azitakazo katika fungu, akachukua nyengine hata zitimie kumi. Bei ya kuirudisha karata ya wazazi waliokufa ni pointi moja. Na asiye na pointi aweza kutoa iliyo baridi, isiyomchekesha mtu, akaukosa mzunguko ule.