Majina Matatu, Visanduku Viwili

Mtu wa Kazimia, kijiji cha Kongo kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, huandikwa kwa majina matatu: jina, postinomu (jina la pili), kisha prenomu, ambalo mara nyingi ni la ubatizo. Akikimbilia ng'ambo ya ziwa hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha akapata makazi Marekani, ukurasa wa kompyuta mara nyingi humpa visanduku viwili tu: jina la kwanza na la ukoo. Jina moja linakosa pa kukaa. Na kwa kuwa ndugu wa tumbo moja huko Kongo huweza kubeba majina tofauti kabisa, karani huwaona kama watu baki.

Mtu afuate kisanduku, au kisanduku kimfuate mtu?

Swali hili si la mafundi peke yao. Katika Mwanzo, Abramu anapoitwa Abrahamu, anayembadili jina ni Mungu mwenyewe. Katika Sura ya Baqara, Mungu ndiye anayemfundisha Adamu majina. Kwa Mkristo wa Fizi na kwa Mwislamu wa Baraka, maeneo ya jirani na Kazimia, basi, jina ni amana, na karani hana mamlaka ya kulikata.

Kongo inaujua uchungu wa jina kukatwa. Mwaka 1972 Rais Mobutu aliyapiga marufuku majina ya Kikristo; yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré na kuwa Sese Seko. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Baadaye Sheria ya Familia ya 1987 ilisema kwamba sehemu za jina na mpangilio wake hazibadilishwi ila kwa njia ya sheria. Leo kisanduku kigumu hupindua mpangilio huo kimyakimya, bila amri ya rais wala hukumu ya jaji, na kosa hilo humfuata mtu benki, hospitali na shuleni kwa watoto wake.

Dawa ipo, na si ngumu. W3C, taasisi inayoweka viwango vya tovuti, inawashauri wabunifu wajiulize kwanza kama kweli wanahitaji kuligawa jina. Pasipo haja, nafasi moja ndefu inatosha. Mwenye jina abofye palepale lilipoandikwa, alirekebishe kwa mpangilio wake, na ritifaa ya Kibembe, lugha ya Fizi, ikubalike kama herufi nyingine yoyote. Uwezo huo si anasa ya juzi: programu ya kwanza ya kusomea kurasa za wavuti, ya mvumbuzi wake Tim Berners-Lee, ya 1990, ilimruhusu mtu kusoma ukurasa na kuuhariri kwa pamoja.

Wapo wanaohofia udanganyifu, na hofu yao ni ya haki. Lakini Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, huruhusu masahihisho huku ikihifadhi kila toleo lililotangulia. Rejista ya majina inaweza kufanya vivyo hivyo.

Enyi mnaotengeneza kurasa hizi, kabla ya kuzifungua kwa umma, jazeni kwanza majina yote matatu ya mtu wa Kazimia, kwa mpangilio wake, mwone kama yanabaki kama yalivyoandikwa.