Kumheshimu Mama au Kumkalisha?

Kuna ugomvi unaoingia katika nyumba nyingi siku mama mzazi wa bwana anapoletwa kukaa na wanawe. Kwetu uliingia pia. Mama alikuwa na miaka 78, ndiyo kwanza apone nimonia. Mimi nikaona heshima ni kumpumzisha kabisa: asiteke maji, asishike jembe, hata chai asijimiminie. Mke wangu yeye alimpa ungo wa maharagwe achambue, na kuku awalishe. Nikamwambia kwa ukali kwamba anamfanya mama yangu kijakazi. (Maneno hayo nimekwisha kuyaungama.)

Basi nikashinda mimi. Baada ya miezi michache mama hakuweza kuinuka kitini bila kushikwa mkono. Nilidhani ni uzee tu, kumbe misuli isiyotumika hupungua, na ya mzee hupungua upesi zaidi. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema walilala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Lakini hasara hiyo hurudishika. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake wa Boston walieleza habari za wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu majuma 8. Nguvu za miguu za waliomaliza ziliongezeka zaidi ya maradufu.

Amri ya nne inatudai heshima kwa wazazi. Je, heshima hiyo ni kwa faida ya mzazi, au ni ya mtoto anayeogopa majirani watasema nini? Nikisema kweli, mimi niliwaogopa majirani. Mama mwenyewe sikumwuliza, na hilo naliona kosa kubwa kuliko kile kiti.

Mtasema, akianguka je? Hofu hiyo ni ya haki, maana kuvunjika nyonga uzeeni si jambo dogo. Tulimwona daktari kwanza, tukatengeneza kizingiti kilicholegea, tukamwongezea mayai na maharagwe.

Kisha tukaketi watatu, nikamwomba mke wangu msamaha mbele ya mama. Mama akasema kuku ni wake, na chai atajimiminia. Siku hizi, kabla ya sala ya jioni, huinuka kitini na kuketi tena mara tano, akishika meza. Juu ya kuteka maji bado tunabishana.